Mizizi ya Ufipa, kikombe cha Loliondo na sahani ya maabara

Leo siandiki mambo ya kampasi. Naandika historia, tena historia inayogusa kwetu Sumbawanga, kwa sababu juzi tulibishana sana vimbwetani na nikaona maneno ya mdomo hayatoshi.

Ukisema hapa chuo kwamba unatoka Sumbawanga, hakuna atakayekuuliza habari za mahindi wala Ziwa Rukwa. Unaulizwa ungo wako umeupaki wapi. Mtu akipoteza kalamu anakuangalia wewe. Nimeshazoea, na siku hizi nawajibu kwa historia: wazee wetu wanaeleza kwamba jina la mji kwa Kifipa ni amri, sumba wanga, yaani tupa uchawi. Mji uliopewa jina la kuukataa uchawi ndio mmeugeuza makao makuu yake. Haya jamani.

Sasa ubishi wenyewe. Mwenzetu mmoja alisema dawa za miti shamba zinaua virusi, na kwamba imeshathibitishwa kisayansi ila wakubwa wanaficha. Mwingine akasema huo ni ushirikina mtupu, mizizi haijawahi kutibu kitu. Mimi naona wote wawili waliruka swali. Imethibitishwa kuua kirusi gani? Kikiwa wapi, kwenye sahani ya maabara, kwenye panya au ndani ya mtu? Na kwa dozi gani? Nchi yetu ina historia ya zaidi ya miaka 50 ya watu waliojaribu kuyajibu maswali hayo kwa uvumilivu, na ina historia nyingine ya watu walioumia kwa sababu hayakuulizwa. Twende taratibu.

KABLA YA MAABARA

Kwa wasiopajua, uwanda wa Ufipa uko juu, katikati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana nawaambia mkija mwezi wa sita mbebe makoti. Magonjwa ya virusi hayakusubiri maabara ndipo yafike. Ndui ilikuwepo, surua ilikuwepo, tetekuwanga ilikuwepo, na mkanda wa jeshi ulikuwepo. Kilichokosekana ni neno virusi tu, na hata huko Ulaya wataalamu walianza kulitumia kwa maana inayokaribia ya leo mwaka 1898, walipokuwa wanahangaika na ugonjwa wa majani ya tumbaku.

Bibi yangu mzaa mama anao mzizi wa mkanda wa jeshi. Mnaujua ugonjwa huo: malengelenge yanazunguka ubavu mmoja na yanaunguza kama umemwagiwa maji ya moto. Bibi anachimba mwenyewe alfajiri, anatwanga, anapaka. Jina la mti hamwambii mtu. Nikimuuliza ananijibu nikimaliza shule nitaambiwa. Mimi nacheka, bibi niko chuo kikuu, kuna shule gani tena hapo mbele?

Nimemtaja bibi kwa sababu mkanda wa jeshi ni mfano mzuri wa ugumu wa jambo hili. Unasababishwa na kirusi kile kile cha tetekuwanga, ambacho mtu akishapona tetekuwanga hakiondoki mwilini bali kinajificha kwenye mishipa ya fahamu, kisha miaka mingi baadaye kinga ikishuka kinaamka. Kwa watu wengi malengelenge hukauka yenyewe baada ya wiki mbili mpaka nne, upake usipake. Kwa hiyo mtu aliyepakwa mzizi akapona, hatujui kama kapona kwa mzizi au kapona kwa siku. Tena kijana akipata mkanda wa jeshi, inaweza kuwa dalili kwamba kinga yake imeshushwa na VVU. Akiishia kwa bibi na malengelenge yakakauka, atadhani yamekwisha, kumbe kipimo alichokihitaji hajapimwa. Hapo ndipo mnaona kwa nini swali hili si la kubishana kwa utani.

Kwenye historia ya tiba ya upande wetu kuna jina moja ambalo kila Mfipa analisikia bila kujua habari zake: Atiman. Hospitali ya Dokta Atiman ipo Sumbawanga mjini. Adriani Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, pande za mto Niger, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika (siku hizi ni mkoa wa Katavi), mwaka 1889, na akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe, ni miaka 67. Miaka mingi kabla ya uhuru, pande zetu mgonjwa alikuwa na milango miwili: kwa tabibu wa misheni au kwa mganga wa kijijini. Wengi walipita yote miwili, kama wanavyofanya hadi leo.

Serikali ya kikoloni iliuwekea mlango wa pili kivuli. Sheria ya uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928 ilifanya kumiliki vifaa vya uchawi kuwa kosa. Mganga mwenye mizizi halali kwenye kapu, na pembe na hirizi pembeni, angejuaje kama askari atatofautisha? Halafu zikaja harakati za kusaka wachawi. Miaka ya 1930 Mchape ilitoka Nyasaland ikasambaa ukanda huu, watu wakinyweshwa dawa ya kuwasafisha. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, ameandika juu ya Kamchape waliopita vijijini kwetu mwaka 1963 na 1964. Matokeo yake dawa na uchawi vikapikwa chungu kimoja, na mwenye kujua mti akajifunza kunyamaza. Ule ukimya wa bibi yangu una historia.

VIRUSI VYA KWETU, SAHANI ZA KWAO

Hapa kuna jambo lililonishangaza. Virusi vingi maarufu duniani vina majina ya Afrika Mashariki. Mwaka 1936 ilifunguliwa taasisi ya utafiti wa homa ya manjano Entebbe, Uganda. Watafiti wake walikipata kirusi cha msitu wa Semliki mwaka 1942 na kile cha msitu wa Zika mwaka 1947. Kwetu Tanganyika, mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, pande za Newala, ndio ulioipa dunia neno chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyomkunja mgonjwa. Kwa hiyo virusi vyetu vilipata majina, vikawekwa kwenye chupa na kutumwa maabara za dunia nzima.

Mimea yetu ilichelewa. Mwaka 1964 Mswisi Haerdi alichapisha orodha ya dawa za miti za Ulanga. Mwaka 1976 Profesa Kokwaro wa Kenya akatoa kitabu cha mimea tiba ya Afrika Mashariki. Katikati yake, mwaka 1974, likatokea jambo ambalo kwa maoni yangu linastahili kuwa kwenye silabasi: kilianzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asilia Muhimbili, chini ya kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1991 kikawa Taasisi ya Tiba Asilia, na mpaka leo ipo. Watu wake walikwenda vijijini, wakakaa na waganga, wakachuma tawi, wakalikausha, wakaandika jina la kienyeji na la kitaalamu. Kuanzia mwaka 1982 wao na wenzao wa Uswidi walichapisha orodha ya mimea tiba ya Tanzania kwa sehemu kadhaa. Sehemu kubwa ya kazi za mwanzo ilifanyika mashariki mwa nchi. Sisi wa pembe ya kusini magharibi tulikuwa mbali, na barabara ya lami ya Tunduma mpaka Sumbawanga mnajua imekuja juzi tu.

Halafu ukaja UKIMWI. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara, Rukwa ikiwemo, ilikuwa imeripoti wagonjwa. Dawa ya kwanza, AZT, ilipitishwa Marekani mwaka 1987 na bei yake haikuwa ya mtu wa Laela wala Namanyere. ARV za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004. Kati ya 1983 na 2004 ni miaka 21. Kwa miaka 21 mgonjwa wa kawaida wa Tanzania hakuwa na kitu cha kumzuia kirusi. Alikuwa na panadol, na sala, na mizizi. Mtu anayewacheka waliokimbilia miti shamba wakati ule, nadhani hajaihesabu hiyo miaka.

Wapo waliofanya jambo la maana ndani ya giza hilo. Tanga, kuanzia mwaka 1990, madaktari wa hospitali na waganga wa jadi walianza kufanya kazi pamoja, kwanza Pangani kisha Tanga mjini, wakaunda kikundi kilichojulikana kama TAWG. Mganga alileta mitishamba yake, daktari akaandika kilichotokea kwa mgonjwa: hamu ya kula, kuharisha, homa, vidonda vya mdomoni, mkanda wa jeshi. Walisema dawa zinapunguza mateso ya magonjwa nyemelezi. Hawakusema zinaponya UKIMWI. Hiyo tofauti ndogo ya maneno ina uzito mkubwa, na mtaona mbele ni nini kilitokea watu walipoisahau.

Wakati huo huo dunia nayo ilikuwa inachuma. Kuanzia mwaka 1986 taasisi ya saratani ya Marekani ilikusanya mimea kutoka nchi za joto, Tanzania ikiwemo, ili kuipima dhidi ya saratani na baadaye dhidi ya VVU. Mwaka 1995 watafiti wa Rwanda na Ubelgiji walichapisha matokeo ya mimea 100 ya waganga wa Rwanda, wakiipima dhidi ya virusi vya polio, surua, herpesi, coxsackie na hicho hicho cha msitu wa Semliki. Kama robo na kidogo ya mimea hiyo ilionyesha nguvu dhidi ya kirusi kimoja au zaidi. Na mwaka 2008 mtafiti wetu wa Muhimbili, Sheila Maregesi, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Antwerp, walichapisha kazi ya mimea tiba ya wilaya ya Bunda iliyopimwa dhidi ya bakteria, fangasi na virusi.

Fikirieni ramani yake. Mmea unachumwa Bunda, unakaushwa, unasagwa, unapanda ndege mpaka Ubelgiji kwenda kukutana na kirusi. Kufuga virusi hai kunataka vyumba maalumu, umeme usiokatika, majokofu yenye baridi kali na seli hai za kulishwa kila siku. Ndiyo maana historia hii ina majina ya mimea yetu na anwani za watu wengine.

SAHANI INAPIMA NINI HASA?

Mimi ni mtu wa Historia na Kiswahili, kwa hiyo hapa nilimshika rafiki yangu wa Muhimbili anieleze kama mtoto wa darasa la tano. Nawaletea nilivyoelewa.

Kirusi hakiwezi kuishi peke yake, kinahitaji seli. Kwa hiyo maabara inafuga seli kwanza, zinatanda chini ya sahani ya plastiki kama ukoka. Seli zinazotumika sana zinaitwa Vero, zilitolewa kwenye figo ya mnyama wa jamii ya tumbili huko Japani mwaka 1962, na uzao wake unaendelea kukua kwenye sahani mpaka leo. Ndiyo, tumbili, ukoo wa yule mwizi wa mahindi yetu. Kisha wanamwaga virusi. Baada ya siku chache yanaonekana madoa matupu, sehemu ambazo seli zimekufa. Kila doa ni kirusi kilichotua na kuzaana. Sasa wanarudia, safari hii wakiweka na maji ya mmea yaliyochujwa, kidogo kidogo kwa viwango tofauti. Madoa yakipungua, mmea una kitu.

Rahisi eeh? Mtego uko hapa. Chukua shamba la mahindi lililoingiliwa na viwavi jeshi. Ukilichoma moto shamba lote, viwavi watakufa wote. Utasimama barabarani useme umegundua dawa ya viwavi? Mahindi yako wapi? Hata jiki inaua virusi kwenye sahani, tena kwa haraka, na hakuna mwenye akili atakayeinywa. Kwa hiyo kipimo cha kweli kina namba mbili. Ya kwanza ni kiwango kinachozuia kirusi. Ya pili ni kiwango kinachoua seli zenyewe. Umbali kati ya namba hizo mbili ndio habari yote. Zikikaribiana, umechoma shamba.

Mtego wa pili ni ule ukakasi unaokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Magome na mizizi mingi ina ukakasi huo, na unashikamana na protini yoyote unayoikuta, ya kirusi au ya seli. Kwenye sahani utaonekana shujaa. Mtu akiunywa, sehemu kubwa inaishia tumboni na haifiki kwenye damu. Mtego wa tatu ni safari yenyewe: tumbo, utumbo, ini. Ini letu kazi yake ni kuvunja vitu vigeni, haliulizi kama umekuja kutibu.

MUGARIGA: MWAKA 2006 NA MWAKA 2011

Sasa nawaletea mti mmoja uliopita njia zote mbili, ya uvumilivu na ya haraka. Kitaalamu unaitwa Carissa, kichaka chenye miiba mikali, maua meupe yenye harufu nzuri na matunda meusi ambayo watoto wanayala.

Mwaka 2006 watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, walichapisha kazi juu ya mizizi ya Carissa na kirusi cha herpesi, kile cha malengelenge ya mdomoni. Walitumia seli za Vero. Mikrogramu 50 za dawa iliyotolewa kwa maji kutoka kwenye mizizi, katika kila mililita, zilizuia madoa yote. Kiwango kilichodhuru nusu ya seli kilikuwa mikrogramu 480. Linganisheni namba mbili: 50 na 480, karibu mara kumi. Shamba halikuchomwa. Wakaenda hatua ya pili, wakawapa panya walioambukizwa, na panya hao wakachelewa kuugua na kuishi muda mrefu zaidi ya wasiopewa. Kwa kweli ni kazi nzuri, ya Waafrika, ya mmea wa Kiafrika. Lakini angalieni mipaka yake: ni herpesi, si VVU. Ni panya, si mtu.

Mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alisema ameoteshwa na Mungu dawa inayotokana na mti uitwao mugariga. Ndiyo, Carissa. Kikombe kimoja, mara moja, shilingi 500, kwa UKIMWI, kisukari, saratani na mengine. Mimi nilikuwa darasa la chini kabisa shule ya msingi, lakini nakumbuka watu wazima hawakuwa na habari nyingine. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, wenye pesa walikwenda kwa helikopta, mawaziri walikunywa. Taarifa za wakati ule zilitaja makumi ya wagonjwa waliofariki njiani au kwenye foleni. Mbeya na Tabora wakaibuka watoa vikombe wengine. Na wapo waliorudi nyumbani wakaweka ARV pembeni kwa kuwa wamekwisha kunywa, hadi wataalamu wa afya wakawa wanawaomba watu hadharani wasiache vidonge.

Serikali ilipeleka wataalamu, wakasema dawa ile ni salama kwa kunywa. Watu wakasikia "inatibu". Jamani, maji ya kisima cha shule nayo ni salama kwa kunywa. Salama ni jibu la swali moja, inatibu ni jibu la swali jingine kabisa.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mtu mzima ana damu kama lita tano. Ili damu hiyo ifikie kile kiwango cha sahani ya Kenya, mikrogramu 50 kwa mililita, unahitaji robo gramu ya dawa ndani ya damu. Inaonekana ndogo. Lakini lazima ivuke tumbo na ini bila kuvunjwa, ibaki humo, na ikikojolewa ipatikane nyingine, siku baada ya siku, kwa sababu virusi vinazaana kila siku. VVU vyenyewe vinajificha ndani ya seli zilizolala, mahali ambapo hata ARV bora hazivifikii, ndiyo maana vidonge ni vya maisha yote. Kikombe kimoja mara moja hakina njia ya kufanya kazi hiyo. Mti haukuwa na kosa. Ulibebeshwa ahadi ambayo sahani haikuitoa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mmea wenye nguvu unaweza kugombana na dawa ya hospitali. Mwaka 2002 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza karibu nusu kiwango cha dawa moja ya ARV, saquinavir, kwenye damu ya watu wazima wenye afya. Kitunguu saumu hiki cha pilau! Kwa hiyo hoja ya kwamba "haidhuru, ni mmea tu" haisimami. Kama mmea hauwezi kudhuru kabisa, huenda hauwezi kufanya kitu chochote.

MWAKA 2020

Hii wote tunaikumbuka. Nyungu kila mahali, Madagaska wakatoa kinywaji chao na Tanzania ikatuma ndege kukifuata mwezi wa tano, taasisi yetu ya NIMR ikatoa NIMRCAF. Sitawacheka waliojifukiza, nyumbani tulijifukiza wote na kibweta cha mikaratusi kilitoka kwetu. Lakini kama mwanafunzi wa historia naona tulirudia darasa la 2011. Mwezi wa tisa mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Afrika walipitisha mwongozo wa namna ya kupima dawa za asili za Korona kwa wagonjwa, kundi linalopewa na kundi lisilopewa, kisha kulinganisha. Huo ndio mlango uliotakiwa. Kwetu dawa zilifika madukani kabla majibu ya namna hiyo hayajafika popote.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani, Ikulu. Siku mbili baadaye, tarehe 30, Babu wa Loliondo alifariki dunia. Mungu ampumzishe. Mwalimu wa historia angeweza kufundisha kipindi kizima kwa hizo tarehe mbili.

KWETU UFIPA TUFANYE NINI?

Maoni yangu ni haya. Dharau na pupa ni ndugu, zote mbili zinakwepa kupima. Ile sheria ya 1928 na kikombe cha 2011 zinafanana kwa jambo moja: hakuna aliyekaa akaandika mti gani, kiasi gani, kwa mgonjwa gani, na nini kilitokea.

Na muda hautusubiri. Watafiti wa Marekani walichuma majani ya mti fulani Sarawak, Malesia, mwaka 1987, wakayakuta na kitu kinachozuia VVU. Waliporudi kuchuma mengine, mti ulikuwa umekatwa. Ilibidi watafute ndugu zake, na waliowapata hawakuwa sawa na ule. Sisi tunao msitu wa Mbizi juu ya mji wetu, na kila mwaka tunauona ukipungua kwa kuni na moto. Tunao wazee wenye majina ya miti vichwani, nao wanapungua.

Haki nayo ni sehemu ya kipimo. Visiwa vya Samoa, mti ambao waganga wa kienyeji waliutumia kwa homa ya manjano ya ini ulikutwa na kitu kinachoitwa prostratin, kinachoamsha VVU vilivyojificha. Mwaka 2001 serikali ya Samoa iliandikiana mkataba na watafiti kwamba faida ikipatikana, sehemu irudi kwa nchi, vijiji na familia za waganga. Prostratin bado haijawa dawa ya hospitali, ila mkataba uliandikwa mapema. Kwetu tunayo sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, na lipo baraza linalosajili waganga na dawa zao. Bibi akiona kwamba akisema jina la mti wake litaandikwa pamoja na jina lake, huenda ataona sababu ya kusema.

Wengi wetu hapa tutakuwa walimu, na wengine tutapangiwa huko huko Rukwa. Tunaweza kuwapa wanafunzi kazi ya likizo: muulize mzee mti mmoja, kata tawi lenye ua au tunda, likaushe ndani ya magazeti, andika jina la Kifipa, mahali na matumizi. Hayo ndiyo waliyoanza nayo wale wa Muhimbili mwaka 1974. Na mtoto akija darasani na malengelenge ubavuni, au mzazi akikwambia kaacha vidonge kwa sababu kapata mzizi, usimcheke na usimkemee. Mwambie mzizi upelekwe kupimwa, yeye aende kliniki leo, na vidonge aendelee navyo.

Basi wadau, nimeandika mpaka betri inalia. Wana Rukwa, Katavi na Songwe mliopo hapa, niandikieni majina ya miti mnayoyajua kwenu na inatumika kwa ugonjwa gani. Na wale wa ungo, mtanisamehe, nimechelewa, leo nitapanda daladala.